Jina Lililoitwa Dirishani

Mtu wa kwanza kurudisha sahani alikuwa Karanja, fundi wa reli, na Karanja hakuwa mtu wa kurudisha sahani. Huyo alikuwa akila mpaka maua yaliyochorwa chini ya bati yanaomba msamaha. Lakini mchana ule alisimama kwenye kidirisha cha jikoni na chakula chake kikiwa hakijapungua, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenzake.

"Mama, leo umesahau chumvi."

Chepkorir hakuwa amesahau. Alikuwa ameitia kwa mkono wake na kuionja kwenye mwiko, kama alivyofanya tangu hoteli ifunguliwe. Akachovya kidole kwenye sahani ya Karanja. Mchuzi ulikuwa maji matupu. Akachovya kwenye sufuria ambayo mchuzi huo ulitoka, na humo chumvi ilikuwepo, tena imekolea vizuri.

"Kaa chini, baba," alimwambia. "Nitakukaangia nyingine, nitie na ile pilipili yako."

Akatupa pilipili kavu kwenye mafuta, na hakuwaza zaidi.

Nakuru ya miaka ile ilikuwa na mahali pa kula kwa kila tumbo. Ukitaka chapati zinazopasuka kwa tabaka, ulikwenda Bondeni kwa mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa na ulimi mkali kuliko makaa yake. Bajia ulizipata kwa Mhindi pale sokoni. Irio ya mahindi mabichi ilikuwa kwa akina mama waliokaa malori yanaposhusha viazi kutoka Kuresoi. Wazungu walikuwa na hoteli yao yenye vitambaa vyeupe mezani, na juu ya hiyo sina la kusema, maana sisi hatukuruhusiwa hata kuchungulia. Lakini ukisema karanga, ile nyama ya kukaangwa na mchuzi, kwa sima, au ini lililokaangwa likabaki laini, hata mtu aliyeshuka garimoshi leo angeonyeshwa kibanda cha mabati nyuma ya stesheni. Hapo ni kwa Kiptanui, angeambiwa, ingawa kila mtu alijua kwamba Kiptanui alikuwa mwenye kibanda tu. Mkono ulikuwa wa mkewe.

Na kibanda hicho kilikuwa na desturi yake. Waithaka, aliyehudumia meza, hakuita chakula. Aliita mtu. Alipiga kelele kwenye kidirisha, "Karanja!" na Chepkorir akajua ni nyama yenye pilipili na mchuzi mwingi. "Wachuka!" na akajua ni maharagwe bila kitunguu, kwa kuwa Wachuka kitunguu kilimchoma kifua. Mgeni aliulizwa jina mara moja na anachopenda mara moja, na kuanzia hapo jina lake lilikuwa chakula chake. Watu walipenda mambo hayo. Katika siku zile za Hali ya Hatari, wakati jina la mtu lilitajwa na askari tu, akikagua kipande chako cha kitambulisho, palikuwa na raha fulani kusikia jina lako likiitwa kwa sababu nyama yako imeiva.

Karibu na jiko, ndani ya sanduku la majani chai lililotandikwa blanketi, alilala mtoto wa Chepkorir. Mtoto huyo hakuwa na jina.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa Wakipsigisi, mtoto hachaguliwi jina. Huitwa. Bibi zake huketi naye na kutaja wazee waliokufa, mmoja mmoja, na wakati wote wanautazama uso wake. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi mzee huyo amekubali, amerudi kumkalia mjukuu wake. Akichelewa, husogezewa ugoro puani. Mama yake Kiptanui, Kogo Jepchumba, maana bibi kwao ni kogo, alikuwa tayari kuja kutoka Keringet tangu mtoto alipotoka tumboni. Kiptanui ndiye aliyekataa. Alikuwa msomaji wa misheni, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, na alisema mambo ya kupigisha watoto chafya yamepitwa na wakati, mtoto angengoja mchungaji. Mchungaji alikuwa na zamu ndefu ya ubatizo. Kwa hiyo mtoto alingoja, mlango wake wazi.

Mchana ule, muda mfupi kabla Karanja hajarudisha sahani, chamchela ilipanda kutoka ziwani. Ulikuwa wakati wa kiangazi, ziwa limerudi nyuma na kuacha magadi meupe, na upepo ulikuja umeyabeba, ukazunguka kibanda, ukaingia mlangoni, ukatulia. Ulipotulia palikuwa na mtu kwenye benchi la Karanja. Alikaa amewapa watu wote mgongo. Shuka yake ilikuwa na rangi ya vumbi, na ubaridi ulitoka kwake, ukiwa na harufu ya mawe yaliyomwagiwa maji yakiwa moto, ile harufu inayotoka kwenye shimo la volkano la Menengai asubuhi mvuke unapopanda kwenye nyufa.

Waithaka akamuuliza jina na chakula. Kisha akaja kidirishani na kupaza sauti juu ya mlio wa mafuta.

"Sorome! Ini, bila chumvi! Sorome!"

Moshi wa pilipili ulikuwa umejaa jikoni. Ndani ya sanduku, mtoto akapiga chafya.

Chepkorir alisimama na mwiko hewani. Halikuwa jina la Kikipsigisi, wala la Kikikuyu, wala la Kiluhya, wala la mtu yeyote aliyewahi kumpikia. Alijiambia ni pilipili. Alijiambia kwamba yeye ni mke wa msomaji. Waithaka, akidhani hakusikika, akaita tena, "Sorome!" na mtoto akapiga chafya ya pili, ndogo, safi, kama mtu anayeitika.

Alikaanga ini. Alilitoa bila chumvi. Hakumwambia mtu.

Kuanzia siku ile mtoto alikataa ziwa la mama yake. Hakulia kulikataa, aligeuza uso tu, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Ngozi yake ilipoa. Chepkorir alimfunga kifuani chini ya nguo mbili na ubaridi ule ukampenya mpaka mifupani, na aliponusa utosi wa mwanawe, mahali ambapo watoto wote wa dunia wananukia maziwa, alinusa mawe yenye mvuke. Hotelini chumvi ilizidi kutoweka, kwanza kwenye benchi la mgeni, halafu kwenye meza ya pili, halafu kila mahali. Wateja walikula nusu, wakaaga kwa upole, wakaonekana siku ya pili yake wakielekea Bondeni. Mgeni peke yake hakukosa. Alikuja na vumbi la adhuhuri, akala bila mtu kumwona akitafuna, na sahani yake ilirudi imekauka kabisa, bila alama ya kidole.

Siku moja Chepkorir alikuwa ameinama jikoni, akimkamulia mtoto maziwa mdomoni tone kwa tone, na maziwa yakimtoka pembeni. Akasikia sauti kidirishani, karibu sana.

"Mama Sorome, chakula kilikuwa kizuri."

Hakugeuka. Hakuna aliyewahi kumwita Mama fulani, kwa kuwa mtoto hakuwa na jina la kuitiwa. Alikuwa ameingoja heshima hiyo tangu siku aliyojifungua, na sasa alikuwa amepewa na mtu huyu.

"Huyu si wako," alinong'ona. "Tafadhali, mzee. Huyu ni wangu."

"Mliniita." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Nimekaa kule juu kwenye shimo, nikisikia watu wenu wakiita wafu wao warudi, huyu kwa jina lake, yule kwa jina lake. Langu hakuna aliyekuwa akilijua. Nikaja hapa kwa sababu ya harufu ya nyama, na ninyi mkaliita, na mtoto akakubali. Nyumba ni ndogo, lakini ina joto. Nikimaliza kuingia nitakuwa mwanao mzuri."

"Na yeye ataenda wapi?"

Alipogeuka, kidirisha kilikuwa kitupu. Kwenye ubao palikuwa na magadi meupe kidogo, na alipoyafuta yalimuunguza kiganja.

Jioni hiyo alimwambia mumewe yote, na Kiptanui, ambaye angemkemea mwezi uliopita, aliutazama mkono wa mtoto uliokuwa umekonda kama wa mzee. Walimpeleka hospitali, wakapewa dawa ya tumbo. Walimpeleka kwa mchungaji, wakiomba zamu iharakishwe, na mchungaji, mtu mwema aliyewahurumia kwa dhati, alimmwagia maji na kumpa jina zuri la Biblia. Maji yalikauka kwenye paji la uso wa mtoto kabla hayajateremka, kama yaliyomwagwa juu ya jiko. Mchungaji aliyaona hayo. Aliendelea kuomba, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na alipomaliza hakuwatazama machoni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Njiani Chepkorir alikaa chini kwenye vumbi la barabara, akashindwa kuinuka, akasema maneno ambayo mke wa msomaji hasemi.

"Nenda ulete mama yako," alimwambia Kiptanui. "Ulimkataza. Sasa nenda umpigie magoti."

Kogo Jepchumba alifika juu ya lori la viazi, mwanawe amemshika mkono. Hakumlaumu mtu. Alimchukua mtoto, akamnusa utosi, na uso wake ukakunjamana.

Aliketi naye jikoni mchana kutwa akiita. Aliita baba na babu, aliita walioanguka vitani na waliokufa vitandani, aliita hata mmoja ambaye ukoo ulimwonea haya kwa wizi wa ng'ombe. Mtoto alimtazama kwa macho makavu. Kogo akachukua ugoro, akausogeza puani pake, ugoro wa Keringet ambao ungeweza kumpigisha ng'ombe chafya, akaita tena. Hakuna kitu. Ndipo vumbi likapiga mabati, benchi la kule nje likalia kwa uzito wa mtu aliyekaa, na Waithaka, ambaye hakuthubutu kutoita, akanong'ona kidirishani.

"Sorome."

Mtoto akapiga chafya. Kogo akafumba macho.

"Ni jini, Kogo?" aliuliza Waithaka kutoka upande wa pili. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye nimeita. Ni mdomo yangu."

"Liite jini, liite mfu asiye na watu, mimi sijui tofauti," alisema Kogo. "Jina limepokewa. Likishapokewa halimwagwi nje kama maji ya kuoshea vyombo. Linatoka pua moja likiingia pua ingine."

"Yangu," alisema Kiptanui upesi.

"Wewe haujui kukaanga hata yai. Hiyo kitu imekula mkono ya mtu mmoja tu, na itaenda kwa huyo mkono." Alimgeukia mkwewe, na sauti yake ikawa ya upole. "Mwanangu, sijui itachukua nini kwako. Mtu mzima hajazwi kama mtoto, amejaa tayari. Lakini itakaa pahali. Na pahali itakaa, kitu yako itatoka."

"Ichukue," alisema Chepkorir.

Siku iliyofuata waliwasha jiko kama kawaida. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Kogo alikaa pembeni na mtoto mapajani, amemfunika pua kwa kiganja chenye samli ili moshi usimfikie kwanza. Kiptanui alisimama nyuma ya mlango, kofia mkononi, akiomba kwa Kiswahili cha misheni na kusahau maneno. Mtoto alikuwa amefumba macho tangu alfajiri, pumzi yake inakuja kwa vipande, na kati ya kipande na kipande palikuwa na kimya ambacho Chepkorir alikisikiliza kwa mwili wake wote. Alitupa pilipili ndani ya mafuta, konzi nzima, na tena konzi nzima, na moshi ulipopanda akainamisha uso ndani yake.

Vumbi likaingia. Benchi likalia.

Alingoja sauti ya Waithaka, nayo haikuja, na moshi ulimchoma macho na koo, na chafya ilimjia ikasimama kwenye mzizi wa pua, naye akaishikilia huko kwa nguvu zote kwa kuwa ikitoka kabla ya jina itakuwa imepotea bure, na alisikia pumzi ya mtoto ikikatika na kurudi, ikikatika na kurudi, na ubaridi wenye harufu ya mawe ukasogea kutoka kwenye benchi mpaka kidirishani, mpaka ukawa juu ya shingo yake, mpaka sauti ile iliyochoka ikasema, si kwa ukali, "Mama, unafanya nini?" na pumzi ya mtoto ikakatika na haikurudi.

"Waithaka," alisema kwa shida. "Ndugu yangu. Niitie mteja."

Waithaka alikuwa akilia. Aliita akilia.

"Sorome!"

Chepkorir akapiga chafya.

Sahani ilianguka upande wa pili wa ukuta. Kitu kilimwingia puani kama maji baridi yanavyomwingia mtu aliyeanguka mtoni, kikashuka kooni, kikapita juu ya ulimi, na kikakaa. Alishika ukingo wa meza asianguke. Kwa mbali alimsikia Kogo akiita, haraka haraka sasa, jina juu ya jina, kiganja amekiondoa, na katikati ya majina akasikia, "Kiprugut! Kiprugut uliyezaliwa wakati wa njaa ukaishi, njoo, kuna mtoto hapa!" Na pembeni, ndogo, yenye hasira, chafya. Halafu kilio. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye njaa ya siku nyingi, kibaya, kikali, na Kiptanui aliketi sakafuni aliposikia, akajifunika uso kwa kofia.

Chepkorir alimnyonyesha papo hapo, kando ya jiko, na mtoto alinyonya mpaka akamuumiza. Utosi wake ulinukia maziwa. Huko nje, kwenye benchi, palibaki magadi meupe yenye umbo la mtu aliyekaa, na Waithaka aliyafagia mpaka barabarani.

Chumvi ilirudi. Karanja alirudi na kulamba sahani, Wachuka alirudi na kifua chake, na nyuma ya stesheni palijaa tena mpaka watu wakala wamesimama. Mpaka leo ukikutana na wazee wa Nakuru waliokula pale watakuambia karanga ya Mama Kiprugut haijapata mrithi, na hawakosei. Wasilolijua ni kwamba kila sufuria ilionjwa na Waithaka. Yeye ndiye aliyesema ongeza, au tosha, kwa sauti ya chini, kidirishani, bila kumtazama. Siku ile ya chafya Chepkorir alionja mchuzi wa kwanza akakuta maji. Alilamba chumvi yenyewe kiganjani, na ilikuwa mchanga. Sukari alikuwa anaisikia, pilipili aliisikia, lakini chumvi haikumrudia tena, hata ya machozi yake mwenyewe. Aliona ni bei nafuu, akamshukuru Mungu kwa moyo wote, na akaendelea kupika.

Mtoto alikua, akatembea, akajifunza kuongea kwa kusikiliza majina ya wateja. Kiangazi kimoja alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni na sima yake, mama yake akikaanga ini. Chamchela ikapanda kutoka ziwani. Ikazunguka kibanda, ikagusa mabati, ikasimama kidogo kando ya kidirisha, na humo ndani ya vumbi kitu kikauliza taratibu, kama jirani anayepita:

"Sorome, uko?"

Chepkorir alikuwa amegeukia moto. Hakuhisi mdomo wake ukifunguka.

"Niko."

Vumbi likaenda zake. Mtoto aliacha kula, akatazama nyuma ya mama yake, kisha nyuma ya mlango, kisha juu kwenye mabati, akitafuta.

"Mama," alisema Kiprugut, "huyo mzee amejibu ni nani?"